Kiti Alichokiacha Evelina Malimi

Evelina Malimi aliingia udiwani kwa sababu chama chake kilikosa mtu mwingine. Wanaume wawili waliokuwa wakiwania kuteuliwa katika kata yake walikuwa wametukanana hadharani, mpaka wazee wa chama wakaona kwamba yeyote kati yao akisimamishwa, mwenzake atahamia upinzani na watu wake. Ilikuwa mwaka 1994, uchaguzi wa kwanza wa madiwani wenye vyama vingi, na hakuna aliyetaka kujaribu bahati. Ndipo wakamkumbuka Evelina, mkunga mstaafu, mjane, ambaye alikuwa amezalisha wanawake wa kata ile tangu wengine wakiwa wasichana hadi wakawa mabibi, na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu. Wakamfuata shambani akiwa anapura mpunga.

"Miguu yangu inavimba," aliwaambia.

"Udiwani ni kazi ya kukaa, mama," wakamjibu.

Akakubali, zaidi kwa kuona haya kuwakatalia watu wazima waliotembea juani. Akashinda bila shida.

Halmashauri yenyewe nitaiacha bila jina. Ilikuwa moja ya zile zinazopakana na ziwa, si mbali na Mwanza mjini. Upande wa juu watu walilima pamba, ambayo sasa ilikuwa ikinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na upande wa ziwani watu walivua sangara kwa ajili ya viwanda vya minofu. Kwa miaka mingi madiwani wote walikuwa wa chama kimoja, na kugawana nafasi za kamati ilikuwa shughuli ya kumaliza kabla ya chai. Safari hii walirudi wakiwa mchanganyiko. Madiwani walikuwa ishirini na wanne. Kumi na wanane walitoka chama kikubwa, chama cha Evelina. Sita walikuwa wa upinzani, nao hawakuwa kitu kimoja: wanne walitoka chama kilichoongozwa pale na Okech, mwenye mitumbwi, na wawili walitoka chama kingine, mmoja wao akiwa Janet Aloo, mwanamke wa makamo aliyekuwa akinunua dagaa kwenye visiwa na kuziuza soko la Mwaloni, Kirumba.

Wiki ya kwanza tu baada ya kuapishwa, Mwenyekiti wa halmashauri, Masele, alimkuta Evelina amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi, viatu amevivua.

"Mama Ng'washi," akamwambia, akitumia jina la binti yake wa kwanza kama walivyozoea tangu zamani, "tumekuchagua uongoze kikundi cha kupendekeza nani aingie kamati gani. Hakuna atakayekupinga."

"Kwa nini mimi, Masele?"

"Kwa sababu hakuna atakayekupinga," Masele akarudia, kana kwamba hilo lilimaliza mambo yote.

Kamati za kudumu zilikuwa tatu, kila moja na viti vinane: ya Fedha na Mipango, ya Elimu, Afya na Maji, na ya Ujenzi na Uchumi. Mbili za mwisho zilizungumza. Ya Fedha iliamua. Mradi wowote, uwe wa darasa, kisima au barabara, ulipaswa kupita kwenye meza ile, na hapo ndipo ulipopata mwaka wake au ukaambiwa usubiri. Evelina hakuhitaji kuelezwa. Alipokuwa mkunga alikuwa akipokea wanawake wa kata ya Aloo, wanaletwa kwa mtumbwi wakiwa na uchungu, kwa kuwa zahanati yao ilikuwa kuta nne zisizo na paa. Wengine walijifungulia majini. Kila mwaka aliambiwa paa liko kwenye mipango.

Hesabu ya viti haikumsumbua. Sita katika ishirini na nne ni robo. Robo ya viti vinane ni viwili. Kwa hiyo wapinzani wapate viti viwili katika kila kamati, na chama kikubwa sita. Aliiandika kwenye karatasi, akaona hata mtoto wa shule ya msingi angeifikia, akaenda nayo kwenye kikao cha ndani cha madiwani wa chama chake akidhani wataimaliza haraka.

Masele aliisoma karatasi, akaiweka chini.

"Elimu sawa. Ujenzi sawa. Wape watatu huku na watatu huku. Fedha hapana."

"Kwa nini Fedha hapana?"

"Mama Ng'washi, Fedha ni jikoni. Mgeni tunampokea sebuleni."

Wenzake wakacheka. Evelina hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikuwa amechoka na joto la chumba kile.

"Hawa si wageni," alisema. "Wamechaguliwa na watu wanaolipa kodi ya kichwa kama wa kwetu."

"Wakiona mahesabu watakwenda kuyasema kwenye mikutano yao."

"Kama mahesabu ni mazuri, wayaseme."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mwisho wakaahirisha. Wakakutana tena, wakaahirisha tena. Kati ya kikao na kikao, Evelina aliona ni busara awaulize wapinzani wenyewe: viti viwili vya Fedha vikipatikana, vitakaliwa na nani? Akapanda gari hadi Kirumba, akakutana na Okech na Aloo nyuma ya vibanda vya Mwaloni, kwenye magunia ya dagaa.

Alitegemea shukrani. Hakuipata.

"Viwili vyote ni vya chama changu," alisema Okech. "Sisi wanne, wao wawili. Kundi kubwa linatangulia."

"Hayo ndiyo maneno ya Masele," Aloo akamwambia. "Tofauti ni shati tu."

"Wewe ulipata kura ngapi kwenye kata yako? Mimi nilipata—"

"Hatuhesabu kura zako hapa. Tunahesabu madiwani."

Evelina aliwaacha wabishane mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha akawaeleza alivyoona yeye. Viti vya upinzani katika kamati zote tatu vitakuwa sita, na madiwani wa upinzani ni sita, kila mtu na kiti chake. Chama cha Okech kichukue kimoja Fedha, kimoja Elimu na viwili Ujenzi. Chama cha Aloo kichukue kimoja Fedha na kimoja Elimu. Hakuna atakayedhulumiwa. Okech alisema hapana. Akasema hapana tena baada ya chai, na tena baada ya Evelina kumnunulia soda. Jua lilikuwa limekwenda upande wa pili alipokubali, naye alikubali kwa kuinua mabega tu, kama mtu anayeachia mzigo wa mwenzake udondoke.

Alipofika nyumbani kwa binti yake Ng'washi, Mkolani, alikolala siku alizoshindwa kufika kwake, alikaa na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mama, acha hiyo kazi," Ng'washi akamwambia.

"Nilifikiri wenye nguvu ndio wanaobana," Evelina akasema. "Kumbe na hawa sita, wanne wanawabana wawili."

Mwisho wa yote, kikao cha ndani kilimpa kiti kimoja cha Fedha kwa ajili ya upinzani. Si viwili. Masele alimwambia hivyo akiwa amesimama mlangoni, ufunguo wa ofisi mkononi, na kwa sauti ya mtu aliyetoa zaidi ya alivyotaka. Evelina angeweza kugoma. Alijua pia kwamba akigoma watamweka mwingine, na huyo atarudi kwenye sifuri. Akachukua kimoja. Na kwa kuwa kilikuwa kimoja, kikaenda kwa kundi kubwa la upinzani, yaani kwa Okech. Viti vingine viwili vya Fedha vilivyokuwa vikigombaniwa ndani ya chama chenyewe vilipewa watu wasioleta maneno, na kimoja kati ya hivyo alipewa yeye. Aliomba Elimu, Afya na Maji, kamati aliyoifahamu kazi yake. Wakamwambia chama kinamhitaji Fedha. Alielewa: walitaka mkono utakaoinuka pamoja na mingine.

Alimfuata Aloo mwenyewe amweleze kabla hajasikia kwa watu.

"Shikamoo, mama," Aloo alimsalimu. "Nimeshasikia."

"Marahaba. Nilijaribu, Aloo."

"Najua. Kata yangu ndiyo isiyojua."

Akageuka aende zake, na Evelina akaona afadhali angetukanwa.

Mwaka na zaidi ukapita hivyo. Okech alifanya kazi nzuri, hilo hakuna aliyelipinga. Aliuliza maswali, alidai kuonyeshwa risiti, na mara mbili alimfanya mweka hazina arudi ofisini kutafuta mafaili. Wajumbe wengine wa Fedha walimtazama vibaya mwanzoni, halafu wakamzoea, halafu wakaanza kumwalika kunywa. Viwanda vya samaki vilikuwa vikipanuka na Okech alikuwa akipanuka navyo. Ziwani magugu maji yalikuwa yakifunga mialo, yaani sehemu za kuegesha mitumbwi, mitumbwi ikikwama, na mtu mwenye mitumbwi mingi alihitaji marafiki. Siku moja mwaka 1996, bila kumwambia mwenzake hata mmoja, alirudisha kadi ya chama chake kwenye mkutano wa hadhara, akavikwa kofia ya chama kikubwa, na ngoma ikapigwa.

Kwa sheria, udiwani wake ulikoma siku hiyo. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, akasimama kwa tiketi ya chama chake kipya, akashinda. Watu wa mwaloni walisema wao walimpa kura Okech, si bendera. Akaapishwa upya, na kikao cha kamati ya Fedha kilichofuata akaingia, akavuta kiti kile kile alichokuwa akikikalia na kuuliza chai iko wapi.

Sasa chama kikubwa kilikuwa na madiwani kumi na tisa, na wapinzani watano. Na katika kamati ya Fedha, wote wanane walikuwa wa chama kimoja.

Aloo alisimama kwenye Baraza la Madiwani. Hakuwa msemaji mzuri, Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kijaluo, na alikuwa na karatasi ambayo hakuitazama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kile kiti hakikuwa cha Okech. Kiti kilikuwa cha upinzani. Yeye kahama, sawa, ni haki yake. Lakini mtu akihama nyumba ya kupanga hahami na mlango."

Ukumbi ukacheka, hata upande wa chama kikubwa. Masele hakucheka. Alisema Mheshimiwa Okech aliteuliwa kwa jina lake, jina lake limo kwenye muhtasari, na anaendelea. Akaita kura. Mikono kumi na tisa ikapanda. Mkono wa Evelina ulikuwa kati yake. Kikao cha ndani cha siku iliyotangulia kilikuwa kimeamua hivyo, naye alikuwa amekaa pale akisikiliza na kutazama dirisha, akitaka tu kiishe apate gari la mchana.

Gari la mchana alilipata. Alipofika Mkolani hakula. Ng'washi alimpakulia ugali na sangara, akafunika sahani kwa sahani nyingine, akamwacha. Evelina alijiuliza ni kwa nini amechoka kuliko siku zile za vikao viwili viwili, na siku hii alikuwa hajafanya chochote ila kuinua mkono. Hakulipata jibu siku ile. Lilimjia taratibu, wiki zilivyokuwa zikienda, kila alipoingia kamati ya Fedha na kuona namna mambo yalivyokuwa mepesi. Hakuna aliyeuliza kitu. Walimaliza mapema. Kila mtu alisema asante.

Kikao cha Baraza kilichofuata, ilipofika ajenda ya mengineyo, aliomba nafasi. Aliongea akiwa ameshikilia meza kwa sababu ya miguu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoka kamati ya Fedha. Nihamie Elimu, Afya na Maji, ambako Mheshimiwa Aloo yuko. Na yeye aje Fedha mahali pangu. Tunabadilishana tu. Hesabu ya kamati haitaharibika."

Masele alivua miwani. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amedokezwa.

"Mama Malimi," akasema, na kwa kumwita hivyo kila mtu alijua amekasirika, "kiti kile hukupewa wewe. Kilipewa chama. Ukikiacha kinarudi kwenye chama, na chama kitaweka mtu mwingine. Si chako kukigawa."

"Kwa hiyo kiti ni cha kundi, si cha mtu?"

"Ndiyo. Ni cha kundi."

"Basi na kile cha Mheshimiwa Okech ni cha kundi lake la zamani. Kikao kilichopita tulisema ni cha mtu. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Leo naomba tuchague moja, Mwenyekiti. Yote mawili hayawezekani."

Hakusema kwa ukali. Waliokuwapo wanasema alionekana kama mama anayetaka kujua tu dawa ni kabla ya chakula au baada. Okech aliinamisha kichwa. Mkurugenzi wa halmashauri, aliyekuwa akiandika muhtasari, aliacha kuandika. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma vya chama kikubwa akasema, "Hapo kuna neno," halafu akajifanya si yeye. Masele akaahirisha kikao kwa sababu ya muda, ingawa muda ulikuwapo wa kutosha.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kwake. Aliitwa kujieleza mbele ya viongozi wa chama. Walimwuliza nani amemtuma. Walimwuliza kama amepewa kitu. Mmoja wao, kijana aliyezaliwa mikononi mwake, alimwuliza kama bado anakiamini chama.

"Ninakiamini," alijibu. "Nimekaa humu tangu hujazaliwa. Ninachotaka kisiogope kuonwa."

Wakamwonya kwa maandishi. Lakini hawakuweza kulifuta jambo lenyewe, kwani madiwani wengi walikuwa wameanza kunong'ona, na baadhi walikuwa na hesabu zao wenyewe na Masele. Kikao cha ndani kikatafuta njia ya kutoka bila aibu: Okech abaki, na maombi ya Mama Malimi ya kubadilishana yakubaliwe kwa sababu za afya. Ndivyo ilivyoandikwa. Kwa sababu za afya.

Hata hapo wapinzani waligombana wiki nzima. Wale watatu waliobaki wa chama cha zamani cha Okech walidai kiti ni chao kwa kuwa wao ndio wengi. Aloo aliwaahidi watapokezana kila mwaka, wakakubali kwa shingo upande, na mwishowe akaingia.

Mwaka ule mipango ilipopitishwa, zahanati ya kata ya Aloo ilipata paa. Kisima cha kata ya Evelina, kilichokuwa kimepangiwa mwaka huo huo, kilisogezwa mbele hadi utakapopatikana uwezo. Hakuna aliyesema ni adhabu.

Wanawake wa kata yake walimjia nyumbani na ndoo zao, kama kumwonyesha.

"Mama, tulikutuma wewe ukae pale," alisema mmoja wao, Dorotea, ambaye Evelina alimzalisha mara nne. "Hatukumtuma yule wa ziwani. Ulimpa kiti chetu."

"Hakikuwa chetu chote, Dorotea."

"Maji tunachota wapi?"

Evelina alizitazama ndoo moja baada ya nyingine. Alipokutana na Aloo alimwuliza bila kuzunguka.

"Ulipotetea zahanati yako, kisima changu hukukikumbuka?"

Aloo alitazama mikono yake. "Nilikikumbuka, mama. Nilikisema. Nilikuwa mmoja, nao saba. Paa walinipa kwa sababu walishatangaza tangu zamani. Kisima walisema mwenye nacho mwenyewe kakimbia kamati."

"Wakasema hivyo?"

"Wakasema hivyo."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kisha Aloo akamwuliza habari za miguu, naye akasema ipo tu.

Evelina alimaliza muda wake wote. Hakukosa kikao, ingawa hakuna aliyemtaka awe mwenyekiti wa kikundi chochote tena. Kwenye kamati ya Elimu, Afya na Maji alizungumzia kisima kila mara, na kila mara kamati ilipendekeza, na Fedha ikasema isubiriwe. Fomu za kuteuliwa zilipotoka tena hakuchukua. Aliwaachia wanae shamba la mpunga, akahamia Mkolani kwa Ng'washi, ambako kulikuwa na maji ya bomba siku nyingi kuliko siku yalipokosekana.

Masele alikuja kumtembelea huko mara moja. Alikuwa ameshindwa kwenye kura za maoni za chama na vijana wenye magari. Alikuwa amekonda, na suti ilimlegea. Ng'washi alimletea chai na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

"Hawa watoto hawana adabu," alisema baada ya kunywa. "Wameunda kamati ya maandalizi ya mkutano mkuu, watu kumi na wawili. Sisi wa zamani hawakuweka hata mmoja. Hata wa kuwakumbusha mambo."

"Pole, Baba."

"Hata mmoja, Mama Ng'washi!"

"Nimesikia."

Alichezesha kikombe kwenye kisahani. Kisha akasema, bila kumtazama, "Siku ile ungeninyamazia tu. Tungekuwa tumeelewana ndani kwa ndani."

"Nilikunyamazia mara ya kwanza," Evelina akasema. "Nilichoka zaidi kuliko siku niliyosema."

Masele akaweka kikombe chini. Walizungumza habari za mvua, na bei ya pamba, na mtu waliyemfahamu aliyefariki Magu. Kisha akaaga, na Evelina akamsindikiza mpaka kwenye kona, polepole, kwa sababu wote wawili hawakuweza kutembea haraka. Aliporudi ndani alijilaza, akamwambia Ng'washi asimwamshe kama mtu mwingine atakuja.